Kwenye filamu mtoto huzaliwa kwa dakika mbili

Swali limetoka kwa msomaji wa Kamalondo, hapa Lubumbashi:

"Jambo mama sajefamu, mkunga wetu. Niko na mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Jioni moto wa umeme ukiwapo tunatazama filamu na wifi yangu, za Nigeria na zile novela. Kila anayezaa humo analia kama anachinjwa. Chupa ya maji ya uzazi inapasuka sokoni, dakika mbili mtoto huyu hapa. Au mama anakufa kwa kulogwa, au mtoto anabadilishwa maternite, kule wanakozalishia. Sasa ninaota hayo usiku. Mama bukwe, mama wa bwana wangu, anasema niache filamu zote, kwamba anachotazama mama ndicho mtoto anachobeba mwilini. Bwana wangu naye ameogopa, anasema siku hiyo atakuwa na safari ya Likasi. Kipi ni kweli? Na kuna filamu inayoonyesha mambo haya jinsi yalivyo, tuitazame pamoja?"

Jambo, mwanangu. Nilicheka nilipofika kwenye safari ya Likasi, kisha nikaacha, maana hofu ya waume naijua. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka 20, na filamu nazitazama kama wewe, delestaji, huu mgawo wa umeme, ikiruhusu.

Nianze na mama bukwe, tumalizane naye kwa heshima. Jicho la mama halimchori mtoto. Alama anayozaliwa nayo mtoto ni mishipa midogo ya damu iliyojikusanya chini ya ngozi, au rangi ya ngozi iliyozidi mahali pamoja. Haitokani na sinema wala na sungura uliyemwona njiani. Mtoto wako kwa sasa anasikia. Anajua sauti yako, pengine na ya wifi yako, lakini hajui mle kwenye televisheni nani amemsaliti nani. Ila mama bukwe ameona jambo moja sawasawa: hulali. Kwa hilo nakubaliana naye nusu. Filamu ya saa nne za usiku inayokuamsha saa tisa umelowa jasho, iache. Ya mchana, ukiwa na mtu wa kucheka naye, tazama.

Sasa kisa chenyewe. Watu hudhani kosa la filamu ni damu na makelele. Mimi naona kosa lake ni saa. Mtengeneza filamu ana dakika 90 au 100 za kusimulia ndoa, usaliti, mimba, kesi na msamaha, hivyo uchungu wako ataugawia dakika mbili. Anakata kwa mkasi, na kinachoanguka chini ya meza ndicho hasa mwenye mimba ya kwanza anachotaka kukijua.

Uchungu wa kwanza huanza polepole. Tumbo linakaza, linaachia, unadhani ni bukari, ugali wa jana. Kipindi hiki, mlango wa kizazi ukiwa bado haujafunguka kufika sentimita 5, hakina saa maalumu: kwa mmoja ni usiku mmoja, kwa mwingine ni mchana kutwa na usiku wake. Toka sentimita 5 kazi inakolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema kwa anayezaa mara ya kwanza kipindi hicho kwa kawaida hakizidi saa 12, na kusukuma kwenyewe mara nyingi hakuzidi saa 3. Ukisikia saa 12 usizimie. Hazijai kilio. Uchungu huja kama dakika moja, unapanda, unashuka, unaondoka, unabaki na mapumziko yako. Kwenye mapumziko hayo nimeona wanawake wakitembea koridoni, wakinywa chai, wakisukwa, wakigombana na dada zao kwenye simu juu ya vitambaa vya mtoto. Ukijumlisha dakika, mapumziko ni mengi kuliko maumivu karibu hadi mwisho. Filamu haina la kufanya na mapumziko. Nani atalipa kiingilio amtazame mwanamke anakunywa chai?

Ule mlango uliofungwa na kilio nyuma yake una historia. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili zilizoandikwa 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934. Zilikataza kabisa kuonyesha mwanamke akizaa, hata kwa kivuli ukutani. Zilidumu hadi 1968. Kwa miaka yote hiyo mtengeneza filamu alipaswa kusema "anazaa" bila kuonyesha, ndipo ikaja ile lugha tunayoijua sote: mume anazunguka na sigara, bibi anaamrisha maji ya moto, ukelele mmoja, kimya, sauti ya mtoto. Kanuni zilikufa, mazoea yakabaki. Wapo waume ambao elimu yao yote ya uzazi ni hiyo. Kijana mmoja alinifikia saa nane ya usiku amebeba beseni la maji yanayofuka, anahema. Nikamwuliza mke yuko wapi. Alikuwa amemsahau kwenye taksi.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La chupa silicheki. Kwenye filamu uchungu huanza kwa maji kumwagika, daima, tena mbele za watu. Katika mimba iliyotimiza miezi yake, chupa hupasuka kabla ya uchungu kwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 tu. Wengine wote maji hutoka uchungu ukiwa umeshakolea, au hata wakati wa kusukuma. Nimepokea mama aliyetoka Ruashi juu ya pikipiki, mtoto karibu anaonekana, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa anangoja chupa ipasuke ndipo ajue ni kweli. Na nimepokea mwingine, kinyume chake: maji yalitoka Jumatatu, kidogo kidogo, bila maumivu, akavaa kitambaa akaendelea kuuza unga. Alikuwa anangoja kilio. Alikuja Alhamisi akiwa na homa. Wote wawili walifuata filamu. Wewe fuata hivi: maji yakitoka, yawe kikombe au matone, uchungu uwepo au usiwepo, unakwenda maternite siku hiyohiyo, na ukiona ni ya kijani au yananuka, unakwenda saa hiyohiyo. Uchungu ukija kila dakika tano hivi, ukizidi nguvu na usiondoke ukitembea, unakwenda hata kama hukuona tone. Ukiishi mbali au usiku taksi hazipatikani mtaani kwenu, usingoje hata dakika tano hizo.

Kulala chali miguu juu ni kwa ajili ya kamera, na kwa ajili yetu sisi wazalishaji, tuseme ukweli. Mwanamke anaruhusiwa kuchagua namna inayomfaa: upande, magoti, kuchuchumaa, kusimama akiegemea mtu. Na kulia si lazima, wala kunyamaza si ushujaa. Nilishamfokea mama mmoja aliyekuwa akimwambia binti yake "usitutie aibu", nikamtoa nje.

Kuhusu mtoto mwenyewe. Mtazame vizuri mtoto wa filamu anapoinuliwa: ana mashavu, shingo imekaza, anamwangalia mama usoni. Huyo ana miezi mitatu, mwanangu. California, ambako filamu nyingi za Marekani hutengenezwa, sheria hairuhusu mtoto wa chini ya siku 15 kufanya kazi ya filamu, na aliye chini ya miezi sita hawezi kufanyishwa kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku. Ndiyo maana hutafuta mapasa, yaani mapacha: Mbuyi akichoka, anaingia Kabanga, na mtazamaji hajui. Ile damu na utando juu ya ngozi mara nyingi ni jamu na jibini laini. Wako atatoka tofauti. Atakuwa na rangi ya bluu au kijivu kabla hajapumua vizuri, kichwa kimerefuka kama papai kwa kubanwa njiani, macho yamevimba, mwili una mafuta meupe mazito. Wanawake wameniuliza wakilia, "Mama, mtoto wangu ana nini?" Hana kitu. Kichwa kitarudi baada ya siku chache. Mafuta yale yamlinde ngozi, msikimbilie kumwogesha. Bafu la kwanza lingoje saa 24. Awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Hapo, mtoto akilia na mama akitabasamu, filamu huisha. Muziki, majina ya waigizaji. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza, na kama ungenipa mkasi wa filamu zote duniani nisingebadilisha kingine ila hiki. Kondo la nyuma halijatoka. Kondo ni kitu ambacho sinema imekifuta kabisa. Nimetazama uzazi mwingi kwenye kioo na kondo nimeliona mara za kuhesabu kwa vidole. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ndiko kunakoongoza kuua kina mama duniani, na hutokea katika zile dakika ambazo mtazamaji ameshainuka kwenda kulala. Kila mama anapaswa kudungwa oksitosini vizio 10 mara mtoto anapotoka, ili kizazi kijikaze na kufunga mishipa. Dawa hiyo hutaka ubaridi wa digrii 2 hadi 8, basi fikiria friji ya kituo kidogo wakati wa delestaji, utaelewa kwa nini nakwambia uliza mapema maternite yako ina umeme wa akiba au haina. Swali hilo halina aibu. Kondo likitoka tunalitandaza na kulikagua, maana kipande kimoja kikibaki ndani kinatosha kuleta msiba. Kisha tunashika tumbo lako: kizazi kinatakiwa kiwe kigumu kama embe bichi chini ya kitovu. Kikiwa laini, tunakisugua, na wewe utatuchukia kidogo kwa sababu inauma. Nenda haja ndogo, kibofu kilichojaa huzuia kizazi kukaza. Mnyonyeshe, maana kunyonya nako hukikaza. Na anayekulinda asiende zake kupiga simu za "amezaa, amezaa" saa mbili za kwanza. Atazame kitambaa. Kikilowa chote na kingine kikaanza kulowa upesi, aite mtu, apige kelele. Kelele za filamu zitumike hapo.

Umetaja kulogwa, nami sitaki kulipita mbio, kwa sababu hapa filamu hainitii wasiwasi tu, hunikasirisha. Katika filamu nyingi za Nigeria mjamzito huanguka, anatetemeka, povu mdomoni, na kamera inahamia kwa mama bukwe au mke mwenza mwenye chungu na manyoya. Ninachokiona mimi hapo ni kifafa cha mimba. Kina dalili siku nyingi kabla: presha kupanda kuanzia 140 kwa 90, protini kwenye mkojo, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso kuvimba. Kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kuzaa. Kina dawa, manyeziamu salfeti, na hudungwa hospitalini. Saa zinazopotea katika chumba cha maombi au kwa mganga ndizo zinazoua. Kwa hiyo usiikimbie CPN, kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonane na mhudumu mara 8, na kila mara presha ipimwe. Wakisahau kukupima, nyoosha mkono wewe mwenyewe.

Mtoto wa mji huu, Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi (na jina lenyewe, lisikilize, linasema walozi), ametengeneza filamu juu ya jambo hili hasa: Augure, iliyopata tuzo ya sauti mpya huko Cannes 2023. Kijana aliyelelewa Ulaya anarudi Kongo na mchumba wake mwenye mimba ya mapasa. Ana alama usoni tangu kuzaliwa, na kwa alama hiyo mama yake alimwona zabolo, shetani. Anapompakata mtoto mchanga wa dada yake, damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto, na ukoo mzima unalipuka. Mama bukwe wako angeielewa kuliko mwanafunzi yeyote wa sinema. Kinachonifurahisha ni kwamba Baloji hamgeuzi mama kuwa jini. Anatuonyesha na yeye aliumizwa na neno hilohilo. Ni filamu ya ndoto na rangi nyingi, si ya kusinzia nayo. Mkiitazama, itazameni watatu, ukiwa na mama bukwe.

La mtoto kubadilishwa: kwenye novela hutokea kila mwaka, kwenye maisha ni nadra mno, lakini kinga yake ni rahisi. Mtoto avishwe kibandiko chenye jina lako mkononi kabla hajaondolewa chumbani, na kama ni lazima apelekwe mahali, ndugu yako amfuate. Akikaa kifuani kwako, nani atambadilisha? Kama bwana wako anapenda hadithi za namna hiyo, mtafutie ya Mjapani Hirokazu Kore-eda ya 2013, iitwayo kwa Kifaransa Tel père, tel fils. Familia mbili zinaambiwa, mtoto akiwa na miaka sita, kwamba hospitali iliwabadilishia. Kuna baba mmoja mwenye kazi nyingi na safari nyingi, anayegundua kwamba hajui mtoto hupendaje baba. Sitasema zaidi, ila safari za Likasi zitapungua.

Na ile uliyoniomba, ya kuonyesha mambo jinsi yalivyo. Ya kwanza kwako ni Bébés, ya Mfaransa Thomas Balmès, ya 2010. Inafuata watoto wanne, wa Namibia, Mongolia, Japani na Marekani, tangu kuzaliwa hadi hatua za kwanza, na hamna msimuliaji. Hakuna anayekufundisha kitu. Mtoto anakaa, anaanguka, anavutana na kaka yake, mbuzi anakuja. Mnaweza kuitazama hata lugha ikiwa ngeni, na mama bukwe atacheka kuliko ninyi. Kuzaa kwenyewe karibu hakumo, lakini wewe umeshaona kuzaa kwingi kwa uongo. Kinachokosekana kwenye kichwa chako ni picha ya mtoto aliye hai, anayekua, bila muziki wa kutisha nyuma yake.

Kuna filamu moja, Pieces of a Woman ya 2020, ambayo haikukata saa: uzazi wa nyumbani unaonyeshwa kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo bila mkasi. Kwa ufundi sijaona mfano wake. Wewe usiitazame sasa. Mtoto anakufa dakika chache baada ya kuzaliwa, na filamu yote iliyobaki ni kilio cha mama huyo. Nakutajia ili mtu akikuletea kwenye flashi akisema "hii ndiyo ya kweli", ujue la kujibu.

Félicité, ya Alain Gomis, iliyopata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga kule Ouagadougou 2017, iache hadi mtoto atimize miezi mitatu hivi. Ni mama wa Kinshasa, mwimbaji wa baa, anayezunguka mji mzima kutafuta pesa za kumpasulisha mwanawe aliyeanguka na pikipiki. Bwana wako lakini anaweza kuitazama sasa hivi, peke yake, kwa sababu inaonyesha vizuri sana jinsi pesa ya hospitali inavyotafutwa ikiwa haikuwekwa kabla. Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bila malipo, ukaanzia Kinshasa mwaka 2023. Mwulizeni mkuu wa maternite yenu, kwa maneno ya wazi, nini mtalipa na nini hamtalipa, na kisu cha upasuaji kikihitajika itakuwa kiasi gani. Aweke kando na pesa ya taksi ya usiku.

Kuhusu yeye kuingia chumbani. Mwanamke anafaa kuwa na mtu wake wa kumchagua wakati wote wa uchungu, na mume anaweza kuwa huyo. Ila maternite zetu nyingi zina vitanda kadhaa katika chumba kimoja, na mama wa kitanda cha pili naye ana haki ya sitara, kwa hiyo mara nyingi wanaume hubaki nje. Uliza kwenye CPN ijayo. Wakikataa, bwana akae koridoni, simu ina moto, damu yake imepimwa na aina yake inajulikana iwapo utahitaji kuongezewa, na Likasi, kilomita 120, ingoje.

Ndani uingie na mama bukwe. Ndiyo, huyohuyo. Lakini kabla ya siku hiyo, kaa naye mchana mmoja, mzime televisheni, umwombe akusimulie alivyomzaa bwana wako: uchungu wa kwanza ulimkuta anafanya nini, alikula nini, nani alimshika mgongo, kondo lilitoka saa ngapi. Akiruka mahali, mrudishe.